Kwenda Kirumba kufungua ligi

Jumatano, 14 Agosti 2024: Dar es Salaam – Dodoma

Ligi Kuu ya NBC msimu wa 2024/25 inafunguliwa keshokutwa, na haifunguliwi Dar. Mechi ya kwanza kabisa kwenye ratiba ni Pamba Jiji dhidi ya Tanzania Prisons, CCM Kirumba, Mwanza. Sababu inaeleweka: wakubwa wako kwenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, wiki hii, Yanga na Vital'O ya Burundi, Azam na APR ya Rwanda, Coastal Union na Bravos ya Angola. Nafasi ikabaki kwa wengine. Mimi mtoto wa Kirumba ninayekula mkate wangu Dar sikuhitaji kubembelezwa. Niliomba ruhusa kazini, nikakata tiketi ya treni.

Pamba haijaonekana Ligi Kuu tangu 2001. Miaka 23. Iliposhuka nilikuwa mdogo, ndiyo maana nilikua nikiwa Yanga kama nusu ya mtaa wetu, nusu nyingine Simba. Hili nalisema mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani.

Treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma bado ina harufu ya upya. Rais aliizindua rasmi tarehe 1 mwezi huu, na nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 31,000. Ukaguzi stesheni ni kama wa uwanja wa ndege, kitambulisho mkononi, begi kwenye mashine, na kuna mzee mbele yangu aliyeambiwa panga lake la shambani haliwezi kupanda. Alibishana kwa upole mpaka foleni nzima ikawa upande wake. Panga halikupanda.

Ndani ya behewa mazungumzo yalikuwa moja tu: Ngao ya Jamii. Jumapili Yanga iliichapa Azam 4-1 pale kwa Mkapa, baada ya kuitoa Simba 1-0 kwenye nusu fainali, na vijana wawili wa kiti cha jirani walikuwa bado wanasherehekea. Waliponiuliza naenda wapi nikawaambia.

"Mwanza? Kuangalia Pamba na Prisons?" mmoja akacheka. "Kaka, si ungesubiri Yanga iende huko, ukaangalia mpira wenyewe?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikageukia dirishani, tukaingia kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa, masikio yakaziba, na tulipotoka upande wa pili walikuwa wameshahamia kwenye usajili. Dodoma tulifika kabla sijamaliza karanga zangu. Nimelala kwa binamu, karibu na stendi ya Nanenane.

Alhamisi, 15 Agosti: Dodoma – Mwanza

Raha ya treni inaishia Dodoma. Kuanzia hapo ni basi, karibu kilomita 700, na siku nzima ya kukaa. Bahi, Kintinku, Manyoni, Ikungi. Singida tulisimama kula. Wengine walishuka na madumu, wakarudi nayo yamejaa mafuta ya alizeti. Mbele yake basi linashuka kona za Sekenke huku abiria wote wamenyamaza, halafu ghafla unatupwa kwenye mbuga ya Wembere, tambarare hadi macho yachoke.

Kuanzia Igunga ndipo unapoona kilichoipa timu jina. Huu ni msimu wa wakulima kuuza, na pembeni ya barabara kulikuwa na malori yamesheheni marobota ya pamba, nyuzi zimenasa kwenye miiba ya mikakaya kwa kilomita kadhaa. Usukumani wanaiita dhahabu nyeupe. Zao hili ndilo lililoijenga klabu, kwa sababu enzi zile pamba ilikuwa na vyama vya ushirika vyenye pesa, vinu vya kuchambulia, na ajira ambayo mchezaji mzuri angeweza kupewa ili asiondoke. Wakati huo Pamba ya Mwanza, kwa jina la utani TP Lindanda, ilikuwa inaogopwa. Ilikuwa bingwa wa Muungano 1990. Mwaka huohuo, kwenye Kombe la Washindi Afrika, iliichapa Anse Boileau ya Shelisheli mabao 12-1. Kina Khalfan Ngassa, kina Fumo Felician, George Masatu kabla hajaenda Simba.

Kisha bei ya pamba ikayumba, ushirika ukalegea, na timu ikafuata. Watu hupenda kusema Pamba iliuawa na fitina za mpira. Fitina zilikuwepo, zipo kila klabu. Lakini timu inayolishwa na zao haina ujanja zao likianguka.

Baada ya Shinyanga jua lilikuwa limeanza kuinama. Misungwi tuta la reli mpya ya Isaka–Mwanza linaonekana waziwazi, udongo mwekundu umepangwa vizuri, reli zenyewe bado. Mama wa Kisukuma aliyekuwa ameketi nami tangu Nzega alinipa michembe, akaniuliza kilichonileta. Nikamwambia Pamba inacheza kesho.

"Bhebhe! Pamba ile ile?"

"Ile ile, mama. Sasa inaitwa Pamba Jiji."

"Mwacheni isirudi tena ilikotoka," akasema, akafunga mfuko wake.

Nyegezi tulifika usiku, nikapanda daladala ya Airport: Mkuyuni, Igogo, mjini, Kirumba. Baba mdogo alikuwa hajalala.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Umechelewa, sato amepoa. Kula, kesho tunatoka mapema."

Ijumaa, 16 Agosti: Kirumba

Nyumba ya baba mdogo iko umbali wa dakika chache tu kutoka uwanjani, lakini saa sita mchana alikuwa ameshavaa. Shati jeupe, kofia, na kile kiredio chake kidogo kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisichomoke. Nikamuuliza redio ya nini wakati mechi tunaiona kwa macho.

"Macho hayakwambii nani ameumia wala nani anaingia," akasema. "Twende."

Barabara ya kuelekea uwanjani ilikuwa imejaa kama siku ya sikukuu. Bodaboda zimefungwa bendera, vuvuzela zilizofichwa tangu enzi za Mbao FC, timu nyingine ya hapa, zimefufuka, wauza jezi wamepanga mzigo juu ya mawe. Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo lililonishughulisha safari nzima. Kwa kila jezi moja ya Pamba niliyoiona, kulikuwa na ya Yanga au ya Simba karibu yake. Wengine walizivaa mbili: Pamba juu, na chini, pale kola inapofunguka kwa joto, nyekundu au kijani ikichungulia. Kijana mmoja aliyekuwa anauza maji alivaa jezi ya Simba na skafu ya Pamba, nikamuuliza leo yeye ni nani.

"Leo Pamba," akasema. "Jumapili Simba."

Simba walikuwa wanacheza na Tabora United siku hiyo, Dar. Kijana alishapanga wikiendi yake.

Haki itendeke: Mwanza haikukaa bure miaka yote 23. Toto Africans walikuwepo mpaka 2017. Mbao walipanda 2016, wakafika fainali ya Kombe la FA msimu wao wa kwanza wakafungwa na Simba Dodoma, na Yanga walipokuwa wanakuja Kirumba enzi zile walikuwa wanakuja na hofu. Alliance nao walipita. Lakini 2020 Mbao na Alliance wakashuka pamoja, na tangu hapo mpira mkubwa wa jiji hili umekuwa wa kwenye televisheni. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano mwaka ule sasa ana tisa, na timu zake anazozijua ziko Kariakoo.

Tuliketi mzunguko, baba mdogo hataki kusikia habari za jukwaa kuu. Juu ya milima ya mawe inayozunguka Kirumba watu walikuwa wamejipanga tangu mapema, wanaangalia bure, na mmoja alikuwa amekwenda na kiti cha plastiki. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na kikundi kidogo kilichokaa kwa nidhamu kupita kiasi: askari magereza wa hapa hapa Mwanza, wamekuja kuwapokea wenzao kutoka Mbeya. Timu nyingine ikisafiri umbali ule inakuta uwanja mzima adui. Prisons kila mkoa ina ndugu.

Na kulikuwa na kitu kingine ambacho kila mtu pale alikuwa anakizungumza. Kocha wa Prisons alikuwa Mbwana Makatta, mtu aliyeipandisha Pamba miezi michache iliyopita. Kabla ya hapo aliipandisha Alliance, akaipandisha Dodoma Jiji. Ndiyo kazi yake, kupandisha timu halafu wengine wanakuja kukaa nazo. Pamba walikuwa wamemchukua Mserbia Goran Kopunovic, aliyewahi kuifundisha Simba na aliyekuwa Tabora United msimu uliopita.

"Huyu Makatta anajua hata mlango wetu wa nyuma haufungi vizuri," baba mdogo akasema.

Mpira ulipoanza kelele zilikuwa za kutisha. Robo saa ya mwanzo kila mchezaji wa Pamba aliyegusa mpira alishangiliwa, hata akirudisha nyuma kwa kipa. Redio ya baba mdogo ilikuwa inachelewa kidogo, kwa hiyo tulikuwa tunaishi kila tukio mara mbili: kwanza uwanja unapiga "aaah!", halafu mtangazaji anapandisha sauti kutuambia kile ambacho tayari kimeharibika. Baada ya muda nikagundua kwamba watu waliokaa karibu nasi walikuwa wanakaa kimya kusubiri ile ya pili, kama vile labda kwenye redio mpira ungeingia.

Haukuingia. Prisons si timu ya kupendeza, na haijawahi kudai hivyo. Wanakaza, wanakaba, wanakupa mwili, na dakika zinakwenda. Mbele yetu yupo jamaa aliyekuwa akilia jina la George Mpole tangu mwanzo, mfungaji bora wa 2021/22 kwa mabao 17 akiwa Geita Gold, usajili ambao mji mzima umeukalia kwa matumaini. Lakini ukiangalia vizuri, tatizo la timu iliyopanda halikai kwenye fowadi. Liko katikati, kwenye pasi ya tatu na ya nne, pale ambapo wachezaji waliosajiliwa Julai bado hawajui mwenzao anapenda mpira mguuni au mbele.

Kadiri kipindi cha pili kilivyosonga, sauti ilibadilika. Mzunguko ukaanza kufundisha. Kila mtu akawa kocha: toa huyu, ingiza yule, pigeni mbali. Nyuma yangu kijana mmoja peke yake alikuwa ametulia kabisa, anatazama saa ya simu. Dakika za nyongeza zilipoonyeshwa alisimama. Kipyenga kilipolia, suluhu, 0-0, alirusha mikono juu akashangilia peke yake katikati ya watu wenye sura ndefu.

Wakamgeukia. "Wewe vipi?"

"Nilikuwa na sare kwenye mkeka wa kubeti," akasema. "Ilikuwa ya mwisho."

Walimzomea mpaka langoni, lakini nauli ya bodaboda alilipia watatu.

Baba mdogo hakusema neno hadi tulipofika kwake. Akazima redio, akautoa ule mpira wa baiskeli, akahesabu betri.

"Pointi moja," akasema. "Hatukufungwa nyumbani. Tumeanza."

Jumamosi, 17 Agosti: Mwaloni, na kibanda umiza

Asubuhi tulishuka soko la Mwaloni kununua dagaa wa kupeleka Dar. Magunia yamepangwa juu kuliko watu, wabebaji wanapita wakipiga mluzi, usiposogea wanakusogeza, na harufu unaitoa nguoni baada ya kufua mara mbili. Wauzaji walikuwa wanaujadili mpira wa jana, wengine kwa hasira. Mmoja aliuliza swali ambalo nadhani ni zuri kuliko yote niliyosikia safari hii: "Hivi hii timu ni ya nani?"

Jibu la makaratasi ni rahisi: ni ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza, ndiyo maana ya lile "Jiji". Mkuu wa Mkoa, Said Mtanda, ameishikia bango. Na Pamba haiko peke yake. Ukiipitia ligi hii ya timu 16 ya msimu wa 2024/25 utaona: Prisons ni ya Magereza, JKT Tanzania na Mashujaa ni za majeshi, KMC ya Manispaa ya Kinondoni, Dodoma Jiji ya halmashauri yao, Kagera Sugar ya kiwanda. Mishahara inatoka, timu zinacheza. Lakini ukiondoa Simba na Yanga, ni klabu ngapi ambazo zikifungwa mtu anakosa hamu ya kula?

Baba mdogo hakubaliani nami. Yeye anasema hata Pamba ya zamani ilikuwa ya ofisi, ilikuwa ya pamba, na watu waliipenda kufa. "Watu hawapendi mmiliki," akasema. "Wanapenda kushinda. Tupe mwaka mmoja." Inawezekana. Ila enzi zake hapakuwa na televisheni inayokuletea Kariakoo sebuleni kila siku. Mkataba wa Azam ya televisheni na shirikisho la soka, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10 tangu 2021, umezisaidia timu ndogo kuliko kitu kingine chochote. Bila pesa hizo nusu ya ligi ingekuwa inasafiri kwa kuomba lifti. Hapohapo, mkataba huo huo ndio unaomfanya mtoto wa Kirumba aweze kuiona Yanga mara nyingi kuliko anavyoiona timu iliyo nyuma ya nyumba yao. Sijui utamlaumu nani kwa hilo. Mimi mwenyewe ni mtoto huyo, nimekua tu.

Jioni tulikwenda kibanda umiza kuangalia Yanga na Vital'O. Chumba cha mabati, mabenchi, feni moja inayozunguka pale inapotaka. Kilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Nilizitambua sura za jana, mbili tatu, mmoja wao yule jamaa wa "Mpole! Mpole!", sasa amevaa kijani na njano. Yanga walishinda 4-0. Bao la kwanza lilipoingia mabati yalipigwa ngumi, meza ya mwenye kibanda ikasogea, mtu nisiyemjua akanikumbatia. Nilishangilia, siwezi kudanganya. Baba mdogo alikuwa ameketi benchi la nyuma, ananitazama mimi, si skrini.

Tulipotoka akaniuliza, "Jana ulipiga kelele hivi?"

"Jana hakukuwa na bao, baba mdogo."

"Sijauliza mabao."

Tukanunua mishikaki, tukazungumzia mengine. Alinipigia hesabu: mechi 30, wa mwisho wawili wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanakwenda kugombania uhai wao kwenye mechi za mtoano. Yeye lengo lake ni nafasi ya 12. Anasema akiipata hiyo Mei atachinja mbuzi, na kwamba mbuzi mwenyewe yuko Kisesa, anaota nyama.

Jumapili, 18 Agosti: Mwanza – Dodoma

Basi la alfajiri kutoka Nyegezi. Dagaa wangu walikataliwa ndani, wakafungwa kwenye buti pamoja na wa watu wengine saba. Njia ileile kinyumenyume: Misungwi, Shinyanga, Tinde, Nzega. Nililala Wembere yote, nikaamka Sekenke kwa sababu ya masikio.

Tulipokuwa tunakaribia Manyoni, konda aliongeza sauti ya redio. Simba na Tabora United, uwanja wa KMC, Mwenge. Kiti cha mbele yangu alikaa kijana mwenye jezi ya Pamba, mpya kabisa, lebo bado inaning'inia kwapani. Simba walipofunga aliruka akagonga kichwa kwenye rafu ya mizigo. La pili akaruka kwa uangalifu. Mwishowe ikawa 3-0, akageuka nyuma kutafuta mtu wa kugonga naye mkono, akanikuta mimi.

"Wewe si Pamba?" nikamuuliza.

"Pamba damu. Nilikuwepo Kirumba juzi."

"Sasa Simba wakija Kirumba?"

Akafikiri kweli, mpaka akakunja uso.

"Siku hiyo nakaa na Pamba, bro. Jezi hii hii. Ila Simba wakifunga, naomba usiniangalie."

Dodoma tuliingia usiku. Treni ya asubuhi imejaa, nimekata ya mchana. Dagaa wamelala jikoni kwa binamu, na mkewe ameshasema wasirudi tena.